Uniti zimeshuka, mbona ankara haijashuka?

Ndugu Mhariri,

Kila msimu wa mpunga unapokwisha hapa Kahama, sisi wenye mashine za kukoboa huulizana swali lilelile: mbona uniti zimeshuka lakini ankara ya umeme haijashuka kwa kiasi hicho? Wengi huamini mita imeharibika. Naomba nafasi nieleze nilichokiona katika ankara zangu mwenyewe, kwa kuwa tunapoteza fedha nyingi kwa kutolijua jambo hili.

Mteja wa daraja la T2, yaani mwenye biashara inayotumia wastani wa zaidi ya uniti 7,500 kwa mwezi, hulipia uniti na pia hulipia KVA. Uniti ni jumla ya umeme uliotumika mwezi mzima, ilhali KVA ni kipimo cha kilele, yaani mzigo mkubwa kuliko yote uliosajiliwa na mita mwezi huo, hata kama ulitokea mara moja tu. Kwa bei zilizoidhinishwa mwaka 2016 na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, uniti moja ni shilingi 195 na KVA moja ni shilingi 15,004, kabla ya kodi. Sina ugomvi na utaratibu huo, kwa sababu transfoma na nyaya hazina budi kujengwa kwa ukubwa wa kilele hicho.

Kinachotuumiza ni kanuni ya asilimia 75. KVA inayolipiwa ni ile ya mwezi husika, au asilimia 75 ya kilele cha juu kabisa cha miezi mitatu iliyotangulia, yoyote iliyo kubwa. Mwezi Juni, umeme ulirudi alasiri baada ya kukatika tangu asubuhi, na malori manne ya mpunga yakiwa yamejaa uani. Mashine zangu mbili, ambazo kwa kawaida hupokezana, niliagiza ziende pamoja hadi usiku, na mita ikasajili KVA 120. Septemba nilikuwa na mashine moja, tena kwa saa chache, na kilele changu kilikuwa KVA 40. Nililipia 90. Tofauti hiyo ya KVA 50 ni zaidi ya shilingi 750,000, zilizotokana na jioni moja ambayo nilikwisha kuisahau.

Liko pia suala la mota, ambalo mafundi wetu wengi hawalitaji. Mota kuukuu, au kubwa kuliko kazi yake, huvuta KVA nyingi kuliko kilowati inazofanyia kazi. Uwiano wa kilowati hizo kwa KVA huitwa kipengele cha nguvu. Mzigo wa kilowati 80 wenye kipengele cha nguvu cha 0.7 unahitaji KVA 114. Ukifungiwa kapasita zinazofaa, yaani vifaa vya kupandisha kipengele hicho, na kufikia 0.95, unahitaji KVA 84 tu. Anayetaka kupunguza ankara aanzie hapo kabla hajafikiria kununua mashine mpya.

Ombi langu kwa mamlaka husika ni moja. Mita za kisasa zina uwezo wa kuhifadhi tarehe na saa ambayo kilele kilisajiliwa, lakini ankara iliyo mezani kwangu inaonyesha tarakimu pekee. Tarehe na saa hiyo vichapishwe kando ya KVA, kwa Kiswahili, ili mwenye kinu aweze kufungua daftari lake la kazi na kuona ni mashine zipi zilikuwa zinaunguruma wakati huo.

Mkoboaji wa mpunga,
Kahama, Shinyanga