Makedi wa Mombasa wafunguliwe njia ya timu ya taifa ya gofu

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mashindano ambayo hayasikiki sana katika kurasa za michezo, ingawa sisi wakazi wa Mombasa tuna sababu nzuri ya kuyafuatilia. Nayo ni mashindano ya ubingwa wa dunia wa gofu kwa timu za wachezaji wa ridhaa. Wanaume hushindania Kombe la Eisenhower, lililochezwa mara ya kwanza mwaka 1958 katika uwanja mkongwe wa St Andrews huko Scotland, ambako Australia na Marekani zilimaliza siku nne zikiwa sare, zikalazimika kurudi uwanjani, na Australia ikaibuka mshindi. Wanawake walipata kombe lao, la Espirito Santo, mwaka 1964 karibu na Paris, na wenyeji Ufaransa wakalitwaa.

Kinachonivutia zaidi ni hesabu yake. Kila nchi huleta wachezaji watatu, na kila siku wote watatu hucheza mashimo 18, lakini alama zinazoandikwa kwa jina la nchi ni za wale wawili tu waliotumia mikwaju michache zaidi, na hali huwa hiyo hiyo kwa siku zote nne. Aliyeachwa leo huenda ndiye atakayeibeba timu kesho, kwa hiyo hakuna anayeruhusiwa kukata tamaa katikati ya raundi. Mwaka 1960, katika uwanja wa Merion nchini Marekani, kijana Jack Nicklaus alimaliza raundi nne kwa mikwaju 269, na nchi yake ikashinda kwa tofauti ya mikwaju 42. Hata hivyo, enzi hizo timu ilikuwa na wachezaji wanne na alama za watatu ndizo zilizohesabiwa, kwa hiyo hata Nicklaus mwenyewe, kwa ustadi wake wote, asingeliinua kombe lile bila wenzake. Nchi yenye nyota mmoja haifiki mbali katika mashindano haya, ilhali nchi yenye vijana watatu wenye mkono uliotulia inaweza kuzisumbua nchi kubwa.

Kenya imewahi kupeleka timu huko, nami najiuliza vijana hao watatu tunawatafuta wapi. Hapa Pwani viwanja tunavyo. Uwanja wa mashimo tisa ulio kando ya bahari, karibu na Mama Ngina, umekuwapo tangu mwaka 1911. Nyali kuna mashimo 18. Diani kuna uwanja mwingine. Na Vipingo, katika kaunti jirani ya Kilifi, imewahi kuwapokea wanawake wa kulipwa wanaoshiriki mashindano ya Ulaya. Vijana waujuao mchezo pia tunao, ila wengi wao wamo uwanjani wakiwa wamebeba mikoba ya fimbo za watu wengine.

Nayasema haya kwa kuwa nilikuwa kedi, yaani mbeba mikoba ya fimbo za wachezaji, kwa miaka sita kabla ya kupata kazi katika ofisi ya kuondosha mizigo bandarini. Yupo jirani yangu hapa Likoni, kijana wa miaka 19, ambaye huvuka kivuko alfajiri kwenda kubeba mikoba. Siku moja mwezi wa Julai, wakati kusi imeshika kasi, nilimwona akimshauri mchezaji aliyekuwa tayari ameshika fimbo namba 8. Kijana aliitazama bendera ya shimo, kisha akainua macho kuangalia vilele vya minazi, kwa kuwa bendera humwonyesha upepo wa chini tu na mpira husafiri juu. Akamwomba mzee yule aichukue namba 6, ambayo huurusha mpira chini zaidi kuliko namba 8, apige chini chini, na aulenge mpira upande wa baharini. Mzee alisita, akakubali. Mpira ulitoka kana kwamba unaifuata meli iliyokuwa ikiingia Kilindini, kisha upepo ukaurudisha taratibu nchi kavu, ukatua hatua chache kutoka shimoni.

Kijana huyo huyo, alipojaribu mwaka jana kujiandikisha katika mashindano ya ridhaa, aliulizwa handikapu yake, yaani namba rasmi inayoonyesha kiwango cha uchezaji wake. Hakuwa nayo, kwa sababu handikapu hutolewa kwa mwanachama wa klabu, na ada ya uanachama ni pesa ambazo kedi hawezi kuzipata hata akibeba mikoba mwaka mzima bila kula. Klabu hiyo siitaji, kwa kuwa nia yangu si kumshtaki mtu, na najua kwamba jibu kama lile lingetolewa kwingineko pia.

Wapo wanaodai kwamba kedi hulipwa, na kwa hivyo si mchezaji wa ridhaa. Hilo si kweli, nami naomba lisirudiwe. Chini ya kanuni mpya zilizoanza kutumika Januari 1, 2022, mchezaji huipoteza hadhi ya ridhaa kwa mambo machache, kama vile kupokea zawadi inayozidi kiwango kilichowekwa, kucheza kama mchezaji wa kulipwa, au kulipwa kwa kufundisha. Kubeba mkoba hakumo. Zaidi ya hayo, kanuni hizo ziliondoa vikwazo vya udhamini, kwa hiyo mfanyabiashara wa Mombasa akitaka kumnunulia kijana viatu vya gofu, au kumlipia treni na malazi ili akashindane Nairobi, hakuna sheria ya gofu inayomzuia. Msaada huo si jambo dogo, maana mashindano mengi ya ridhaa yenye uzito huchezwa bara, na kijana wa Likoni hawezi kuonekana na wateuzi mahali ambapo hakufika.

Ombi langu kwa vilabu vya Pwani ni kwamba vianzishe uanachama wa ada ndogo kwa makedi na watoto wa mitaa ya jirani, uanachama usiotoa haki ya baa wala ukumbi, bali haki ya kuwasilisha kadi za alama na kupewa handikapu inayotambuliwa katika mfumo wa kimataifa uliozinduliwa mwaka 2020. Enzi zetu makedi tuliachiwa uwanja siku za Jumatatu. Tulicheza kwa fimbo za kuazima, na alama zetu tuliziandika nyuma ya pakiti za sigara, zikapotea. Jumatatu hiyo hiyo ingetosha, mradi alama za vijana ziandikwe kwenye kadi halali na ziingizwe katika kumbukumbu.

Nawe Mhariri, Kenya itakapotangaza tena timu ya kwenda kushindania Kombe la Eisenhower au la Espirito Santo, naomba waandishi wako wayachapishe majina yote ya walioteuliwa, wataje na viwanja walikojifunzia mchezo, ili sisi wa huku tujue kama kuna aliyetoka Pwani.

Wako mwaminifu,
Kedi wa zamani,
Likoni, Mombasa