Mwanao na Mwezi Unaomfuata

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote walio nyumbani. Barua yako nimeipata, nikaisoma mara ya kwanza kwa kicheko na mara ya pili kwa makini, kwa sababu nyuma ya masihara yako kwamba umezaa mnajimu asiyelala niliona kuwa unahangaika kweli. Unasema mwanao, ambaye bado hajatimiza miaka sita, huzitaja sayari zote nane kwa mpangilio wake bila kukosea, na kila mgeni anayeingia hana budi kumsikiliza. Kisha wageni wakishaondoka hukugeukia wewe kwa maswali ambayo orodha ile haiyajibu. Kwa nini Mwezi unatufuata? Watu wa upande wa chini wa Dunia mbona hawaanguki? Umeniuliza umpe majibu gani na uanzie wapi, ilhali mambo haya wewe mwenyewe uliyaacha shuleni.

Niseme maoni yangu kwanza. Katika yote uliyonieleza, orodha ya sayari ndiyo isiyonisisimua sana. Mtoto wa umri huo ana kumbukumbu kali, naye angeweza kukariri majina ya mito au ya wafalme kwa wepesi uleule. Majina hayo yatamfaa baadaye, lakini kwa sasa ni wimbo tu. Swali la Mwezi ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa hakufundishwa na mtu. Ameliona kwa macho yake, akiwa ndani ya gari au akitembea usiku huku ameshikwa mkono, kisha akataka kujua sababu. Hapo ndipo ningekuomba ukae naye kwa muda mrefu kuliko kwenye majina.

Hayuko peke yake katika dhana hiyo. Mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, aliyewahoji watoto wengi katika miaka ya 1920, alikuta kwamba wadogo miongoni mwao huamini kabisa kuwa Mwezi, na hata Jua, hutembea nao popote waendapo. Kwa hiyo usimkatize kwa kumwambia kwamba haumfuati. Macho yake yanamwonyesha kuwa unamfuata, na ukimlazimisha kuchagua kati ya macho yake na kauli yako, atakubali kwa adabu tu, kisha ataendelea kuamini alichokuwa akiamini. Afadhali umpe jaribio. Usiku wa mbalamwezi, yeye atembee kuelekea upande mmoja na ndugu yake atembee upande wa pili, halafu wakutane na kila mmoja aeleze Mwezi ulimfuata nani. Watakaposikia kwamba uliwafuata wote wawili, waliokwenda pande zinazopingana, watakuwa na la kuwaza, nawe usiharakishe kuwasaidia.

Baada ya hapo maelezo yatapata mahali pa kukaa. Ukitembea, mti ulio kando ya njia huachwa nyuma upesi, mlima ulio mbali huchelewa kuachwa, na Mwezi, ambao kwa wastani uko kilomita 384,400 kutoka duniani, hauonekani kuachwa hata kidogo, kwa maana hatua zetu si chochote mbele ya umbali huo. Mwache aipime kwanza miti na milima kwa macho yake mwenyewe. Idadi ya kilomita ije mwisho.

Swali la watu wa upande wa chini ni zito zaidi, na nadhani wazazi wengi hulipita haraka kwa sababu mtoto akishasema kwamba Dunia ni mviringo, sisi hudhani ameshaelewa. Mwaka 1992 watafiti wawili, Stella Vosniadou na William Brewer, walichapisha uchunguzi walioufanya kwa wanafunzi wa shule ya msingi nchini Marekani, na waliyoyakuta yananistaajabisha hadi leo. Watoto wengi waliosema kwamba Dunia ni mviringo walikuwa na maana yao wenyewe. Wapo waliofikiri ni duara, lakini bapa. Wapo waliodhani Dunia ni mbili, moja ya mviringo iliyo juu angani na nyingine tambarare ambayo ndiyo tunayoikanyaga. Wengine walidhani ni tufe lenye uwazi ndani, nasi tunaishi humo ndani juu ya sakafu iliyo sawasawa. Sioni ujinga wowote hapo: kila mmoja alikuwa akijitahidi kupatanisha alichoambiwa na watu wazima na alichokiona mwenyewe kila asubuhi akitoka nje.

Ndiyo maana nakushauri umpe mwanao karatasi na penseli, achore Dunia, kisha achore watu waliosimama juu yake pande zote, halafu mvua inayowanyeshea. Mahali atakapoichora ile mvua, na upande atakaoielekeza, patakuonyesha anachofikiri kuliko maswali kumi utakayomuuliza. Iwapo mvua ya watu wa chini itadondoka na kutoka nje ya karatasi, ujue kwamba kwake neno "chini" bado lina upande mmoja tu, nao ni ule wa sakafu ya chumba chenu. Hapo mweleze kwamba Dunia huvuta kila kitu kuelekea katikati yake, na kwamba popote mtu asimamapo, chini ni huko kwenye kiini. Aliye upande wa pili ana miguu chini na anga juu vilevile, naye ana haki ya kushangaa kwamba sisi hatuanguki. Naamini hili la mwisho litamfurahisha.

Sasa nije kwenye ile picha kubwa ya mfumo wa jua uliyombandikia ukutani. Usiibandue, ila ujue kwamba inadanganya, na hakuna picha ya ukutani isiyodanganya katika jambo hili, kwa sababu karatasi haiwezi kuonyesha ukubwa wa sayari na umbali uliopo kati yake kwa kipimo kimoja. Humo sayari zimebanana kama abiria. Tafuta siku moja uwanja mrefu au njia iliyonyooka, uchukue mpira wenye upana wa sentimita 14, uuite Jua. Kwa kipimo hicho Dunia ni kitone cha milimita 1.3, nacho hukaa mita 15 kutoka kwenye mpira, huku Mwezi ukiwa sentimita 4 hivi pembeni mwake. Kabla ya kufika hapo mtakuwa mmeipita Utaridi kwenye mita 6 na Zuhura kwenye mita 11. Mirihi mtaikuta kwenye mita 23. Hadi hapo ni karibu, na mpira bado mnauona vizuri. Kisha endeleeni kutembea, mtembee tena, kwa maana Mshtarii, ambayo ni sayari kubwa kuliko zote, ni gololi ya milimita 14 iliyo mita 78 kutoka kwenye mpira. Zohali iko mita 143, Uranusi mita 287 na Neptuni mita 450. Katikati mna vumbi, vipande vya miamba na barafu, na zaidi ya hayo utupu mtupu. Mtoto hatakumbuka hata namba moja kati ya hizi, wala si lazima, lakini atakuwa ameutembea ule utupu ambao picha imemficha.

Akiwa bado ana nguvu, mwonyeshe pia mwanga unavyokwenda. Katika mfumo huo mdogo, mwanga husafiri sentimita 3 tu kwa sekunde, na kutoka kwenye mpira hadi kwenye kitone chetu huchukua dakika 8 na sekunde 20, sawasawa na muda unaochukuliwa na mwanga wa Jua la kweli kutufikia. Wewe sogeza kidole ardhini kwa mwendo huo, yeye atembee kando yako. Sidhani kama atavumilia hadi mwisho. Na akiuliza nyota iliyo jirani ingekuwa wapi, mwambie kwamba Proxima Centauri, iliyo karibu nasi kuliko nyota zote ukiliondoa Jua lenyewe, ingekuwa kilomita 4,000 kutoka kwenye mpira huo. Hesabu hiyo nimeirudia zaidi ya mara moja nikidhani sifuri moja imezidi.

Kuhusu Pluto, unaniambia amekasirika baada ya kuona kwamba kitabu cha zamani kina sayari tisa na kipya kina nane, na anataka kujua nani ameiondoa. Usimfiche. Clyde Tombaugh aliigundua mwaka 1930, na jina lake lilipendekezwa na msichana wa Uingereza mwenye umri wa miaka 11, Venetia Burney, aliyelitaja wakati wa kifungua kinywa babu yake alipokuwa akiisoma habari hiyo gazetini. Mwaka 2006 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia uliamua kwamba sayari lazima ilizunguke Jua, iwe na umbo la mviringo kutokana na mvutano wake yenyewe, na iwe imesafisha njia yake. Pluto inashindwa kwenye sharti hilo la tatu, maana njia yake imo miongoni mwa magimba mengine mengi ya barafu, hivyo ikaitwa sayari kibete. Yenyewe haikubadilika kwa lolote. Chombo cha New Horizons kilipoipita mwezi Julai mwaka 2015 kilituma picha za uwanda mpana wa barafu wenye umbo la moyo, na ukimwonyesha picha hizo hasira itapungua.

Kuhusu alivyolia aliposikia kwamba Jua litazimika siku moja, jibu ni fupi: mpe ukweli pamoja na idadi yake. Jua limekwisha kuwaka kwa takriban miaka bilioni 4.6 na limebakiwa na kama bilioni 5 nyingine.

Jambo moja sina mzaha nalo. Jua lisitazamwe moja kwa moja, na hasa lisitazamwe kamwe kupitia darubini, kwa maana jicho huharibika kabla maumivu hayajasikika. Kama utapata darubini ndogo, anza na Mwezi ukiwa nusu, si ukiwa mpevu, kwa sababu wakati huo vivuli hulifanya kila shimo lionekane kwa kina chake. Kisha itafuteni Mshtarii. Pembeni yake mtaona nukta ndogo za mwanga zilizojipanga mstari, pengine nne, pengine tatu, kwa kuwa mmojawapo huweza kuwa umejificha nyuma ya sayari. Hiyo ni ile miezi minne ambayo Galileo aliiona mwezi Januari mwaka 1610, na nukta zile huhama kutoka usiku mmoja hadi mwingine. Mwanao achore duara moja na nukta zake kila mnapoziona, nawe andika tarehe na saa pembeni ya kila mchoro.

Michoro hiyo ikishakuwa kadhaa, nitumie nakala. Kwa tarehe na saa utakazoandika naweza kutambua ni nukta ipi iliyokuwa Io na ipi iliyokuwa Ganymede, miwili kati ya miezi hiyo minne, nami nitamwandikia mwenyewe barua yake, kwa herufi kubwa zinazosomeka.

Wako daima,
Rafiki yako