Dada, mtoto wangu analala nyumbani

Shikamoo dada.

Jumapili simu ilikatika kabla sijakujibu, na nilipopiga tena ulikuwa umeshakwenda kwaya. Uliniuliza, "Yaani unalipa hela zote hizo, halafu mtoto anarudi kulala nyumbani?" Nimekaa na swali lako wiki nzima. Nakujibu hadharani kwa sababu hauko peke yako. Hata wenzangu wa hapa Toronto, Watanzania kwa Wakenya, wananiuliza hivyo hivyo. Kwetu shule nzuri ni ya bweni. Ya kutwa ni ya aliyekosa nafasi.

Shule yenyewe ni ya wasichana watupu, ya Kianglikana, haiko chini ya serikali. Jina lake siliandiki, mtoto kaniomba. Shule za aina hii zipo mji huu tangu zamani. Bishop Strachan, yenye jina la askofu wa kwanza wa Toronto, ilifunguliwa 1867. Havergal ikafuata 1894, na hiyo imepewa jina la Frances Ridley Havergal, yule yule aliyetunga "Twae Wangu Uzima" mnaouimba ninyi akina mama pale Muheza. Siku niliyogundua hilo nilisimama nje ya uzio wao nikauimba kimoyomoyo mpaka mwisho, theluji ikinidondokea.

Ada ni kubwa kweli, hapo sibishi. Shule za Kikatoliki hapa Ontario zinalipiwa na serikali, jambo lililowekwa kwenye katiba tangu 1867, lakini za Kianglikana hazipati kitu, na ada zake Toronto zinapita dola 35,000 za Kanada kwa mwaka. Sisi tunasaidiwa sehemu kubwa, bila hivyo nisingethubutu hata kuchukua fomu. Kilichobaki ndicho kinachonifanya niingie zamu ya usiku mara mbili kwa wiki kule kwenye nyumba ya kutunzia wazee.

Asubuhi anatoka na sketi yake ya drafti, soksi hadi magotini na buti za theluji, anapanda basi halafu treni ya chini ya ardhi. Wana siku za ibada, na padre wao anakuja, ila kwenye darasa lake kuna Waislamu, Wahindu, Wayahudi, na wengine wengi ambao kwao hakuna dini. Wote wanaingia. Anayeimba anaimba, asiyeimba anakaa kimya, hakuna anayeulizwa. Masomo ya Biblia wanasoma wasichana wenyewe, kinanda wanapiga wenyewe. Mara ya kwanza nilipomsikia mwanangu akisoma Isaya mbele ya watu wote wale, kwa sauti isiyotetemeka, nilimkumbuka Bibi na kitabu chake cha sala kilichotoka jalada.

Wamegawanywa kwenye nyumba, kama sisi tulivyogawanywa kwenye mabweni yenye majina, ila nyumba zao hazina vitanda. Ni za mashindano ya michezo na kukusanya vyakula vya wenye shida. Halafu kuna chumba cha roboti, na huko ndiko anakochelewa. Anarudi na vidole vimechubuka kwa bisibisi. Kwa kuwa hakuna mvulana, hakuna wa kumpokonya bisibisi, wala wa kumwambia yeye aandike tu wengine watafunga. Wewe unakumbuka maabara yetu, dada, siku tulipochanganywa na wavulana wa shule ya jirani? Tulishika daftari.

Na sheria ya Ontario inataka kila mwanafunzi afanye saa 40 za kujitolea ndipo apewe cheti cha sekondari. Za kwake anazifanya Jumamosi kwenye kituo cha kugawa chakula. Mimi mwenyewe nilipofika nchi hii nilipanga foleni kama ile, na sasa mwanangu yuko upande wa pili wa meza, anampa mtu mchele na kumuuliza ana watoto wangapi.

Nikupe la mtumbwi, maana ndilo lililonifanya niandike. Anashiriki Tuzo ya Duke of Edinburgh, mpango wa kuwajenga vijana, ile ambayo Kenya wameigeuza ikawa Tuzo ya Rais. Ndani yake kuna safari ya porini. Walikwenda hifadhi ya Algonquin, kaskazini ya hapa, ziwa moja hadi jingine kwa mitumbwi. Ziwa likiisha na jingine liko mbele, mtumbwi unageuzwa kifudifudi, mtu mmoja anaupachika mabegani, anatembea nao msituni, kichwa kiko ndani, anaona miguu yake tu. Mwanangu aliubeba. Sisi wa Muheza, watu wa machungwa, mtumbwi tunauona Tanga kwa mbali!

Alirudi usiku. Nikamkalisha sakafuni, mimi kwenye kochi, nikamkanda mabega kwa mafuta ya nazi. Yalikuwa mekundu, yamevimba pale ubao ulipokaa. Alikuwa amenipa mgongo, na labda ndiyo maana akasema. Alinieleza kwamba usiku wa pili alisikia kitu kinavunja matawi nje ya hema, akalia bila sauti ili wenzake wasimsikie, na asubuhi akagundua wote walikuwa wakilia. Kutoka hapo akaingia kwenye mambo mengine. Rafiki aliyeacha kumsalimia. Hesabu alizofeli na kunificha. Tuliongea mpaka saa saba, kwa Kiswahili chake cha kuchechemea, na nilipomfunika shuka nikajua mwanangu alivyo wiki ile, si alivyokuwa likizo iliyopita.

Hela zangu zinakwenda hapo, dada. Shule inampa dunia tangu asubuhi, jioni inanirudishia mimi.

Mama alikuwa ananijua kwa likizo. Unakumbuka tranka yangu ya kijani, jina kwa rangi nyeupe, ufunguo shingoni kwa kamba ya kiatu? Nilivunja ungo nikiwa bweni. Nilidhani nimeumia. Kiranja ndiye aliyenipa kipande cha kanga na kunionyesha namna ya kukikunja, usiku, kwa mwanga wa kibatari. Mama aliambiwa baada ya miezi mitatu, nilipofika likizo, na sura yake ile mlangoni sijaisahau. Hakukasirika. Alikaa kwenye mkeka akasema, "Kumbe nimepitwa." Shule ile ilinifundisha sana, siikatai. Lakini Mama alipitwa, na mimi pia nilimkosa yeye.

Bibi alipenda kutuhadithia habari za Mbweni kule Unguja. Askofu Tozer wa misheni ya Kianglikana alinunua shamba lile 1871, misheni ikawasomesha mabinti waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa, na Bi Caroline Thackeray akafika 1877, akawalea miaka mingi. Wengine walivuka bahari wakawa walimu kule bara. Nikiwa mdogo nilisikia fahari tu: wasichana weusi, Waanglikana, wanaosoma! Sasa nina mtoto, nasikia jingine. Mabinti wa Mbweni walilala shuleni kwa sababu hawakuwa na kwao. Kwao kulichomwa. Sisi tulikuwa na kwetu, tena karibu, nauli ya basi moja.

Huku nako kanisa letu lina historia ya bweni, na ni nzito. Kila Septemba 30 wasichana wanaacha sare, wanavaa fulana za rangi ya chungwa, kukumbuka kisa cha Phyllis Webstad, binti wa wenyeji wa asili wa Kanada aliyenunuliwa shati la chungwa na bibi yake 1973, akiwa na miaka sita, na akavuliwa siku ya kwanza alipofika shule ya misheni. Zaidi ya watoto 150,000 wa wenyeji wa asili walipitishwa kwenye mabweni ya namna ile, wengi kwa nguvu, wakikatazwa lugha zao. Ile ya misheni ya Phyllis ilikuwa ya Wakatoliki, lakini Mohawk Institute ya Brantford, si mbali na hapa, ilikuwa ya kwetu Waanglikana. Ilianza kulaza watoto miaka ya 1830, ikafungwa 1970. Askofu Mkuu Michael Peers aliomba radhi kwa niaba ya kanisa 1993. Yote haya mwanangu amefundishwa shuleni, kwenye shule ya Kianglikana, bila kufichwa, na kwa hilo nawaheshimu walimu wake.

Siku hiyo alirudi na fulana yake, akanikuta namenya viazi. Akasimama mlangoni, begi bado mgongoni. "Mama, na wewe walikuchukua?"

Nikamwambia hapana. Mimi nilipelekwa. Baba alichinja mbuzi, jirani walikuja, nikacheza ngoma na tranka langu jipya. Akafikiri kidogo. Akauliza, "Ulitaka?"

Dada, sikuwa nimewahi kuulizwa.

Najua mazingira yako si yangu. Umeme unakatika, mtoto hawezi kusoma jioni. Shule ya kata iko mbali. Wewe unatoka dukani saa mbili usiku. Najua pia kuna watoto ambao bweni limewaokoa na nyumba mbaya, na kwao siwezi kusema neno. Lakini nyumba yako si mbaya. Serikali yenyewe ilizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne mwaka 2023, na uliniambia unasubiri tu wa mwisho wako aingie la tano ndipo umpeleke. Ana miaka kumi. Bado anakuja kitandani kwako mvua ikipiga bati.

Nauli ya bajaji kila siku, ya kumpeleka ile shule ya kutwa ya mjini, nimeipigia hesabu. Tukigawana nusu kwa nusu naiweza, na nitaanza kutuma mwezi huu. Fomu ya bweni usiijaze kwanza. Jumapili nikipiga, mpe yeye simu kabla yako, nimsikie anavyosema.