Mdogo wangu, ile arobaini uliyokaa peke yako

Mdogo wangu,

Nina deni lako. Mwaka ule wa korona nilikwambia "vumilia" mara nyingi mno.

Unakikumbuka kikapu cha mama? Pilipili manga ya uji, mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe, leso mbili za kukufunga tumbo. Tiketi ya basi alishakata, aje Nairobi akukande, akushikie mtoto ulale. Tarehe 6 Aprili 2020 Nairobi ikafungwa, na baada ya siku mbili Mombasa nayo. Kikapu kikakaa nyuma ya mlango hadi Julai njia zilipofunguliwa. Mafuta yalichacha, na bado mama hakutaka kiondolewe.

Huko wewe una kichanga cha wiki moja na mkubwa wa miaka minne, shule yake imefungwa tangu Machi. Kibarua cha mumeo kimesimama. Anatoka alfajiri kutafuta chochote, arudi kabla ya kafyu ya saa moja. Majirani waliozoea kubisha hodi na bakuli la mchuzi wanaogopa kumletea mzazi maradhi. Nasi tukipiga simu tunauliza, "Watoto hawajambo?" Ukisema hawajambo, tunakata, tumeridhika.

Siku moja ulipokea ukanyamaza. Nilisikia maji ya mfereji yakimwagika na mkubwa akigonga mlango, "Mama! Mama!" Ulikuwa umejifungia chooni. Ukaninong'oneza, "Dada, nimemfokea mpaka amejikojolea. Sijijui tena." Nami nikakujibu kuwa kila mwanamke anazaa na kulea.

Nisamehe. Subira unayo tangu utoto. Kwetu mzazi hulelewa siku arobaini ndipo naye alee: huyu akande, huyu apike, wifi aogeshe mtoto, shangazi amchukue mkubwa. Wewe ulikuwa wote hao, na usiku mtoto akikohoa hujui ni mafua au ndiyo yenyewe. Hata chanjo ilikuwa mtihani, uende kliniki mkaambukizwe au ukae umkoseshe. Ulikwenda, barakoa imelowa jasho, mtoto umemfunika gubigubi. Na hakuna aliyekupa hongera.

Desemba njoo nao. Mama ameshanunua pilipili manga nyingine, anasema atakukanda hata kama kichanga chenyewe sasa kinasoma. Mimi nitawapeleka watoto baharini tangu asubuhi. Wewe ulale.

Dada yako