Jarida la kwanza la baiskeli za milimani liwekwe mtandaoni

Mhariri,

Naunga mkono rai ya kuliweka mtandaoni jarida la Fat Tire Flyer, lililotolewa California kati ya 1980 na 1987, miaka michache tu baada ya vijana wa Marin, kaunti ya jimbo hilo, kuanza kuteremka milima kwa baiskeli kuukuu. Sisi wa Mombasa, ambao unyevu wa bahari na mchwa hutuharibia karatasi kabatini (vitabu vya marehemu baba yangu viliishia hivyo), tunajua kwamba nakala iliyofungiwa haina usalama. Ila picha za kurasa pekee hazitoshi: maandishi yawe ya kutafutika, na matangazo ya vipuri yasikatwe, kwani humo ndimo fundi huona jinsi breki na gia zilivyobadilika.

Fundi baiskeli,
Majengo, Mombasa