Hiyo feritini ya 310

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi. Umeniuliza kama feritini ya mikrogramu 310 kwa lita maana yake mwili umejaa chuma. Huenda sivyo. Kwa mwanamume mzima asiyeumwa, Shirika la Afya Duniani huanza kushuku chuma kilichozidi pale kipimo kinapovuka 200, na kwa mwanamke anayepata hedhi 150. Lakini kushuku si kuthibitisha.

Feritini ni protini inayohifadhi chuma ndani ya seli. Ganda lake lina vipande 24, na tumboni mwake huweza kukaa atomi 4,500 hivi za chuma. Ile inayopimwa kwenye damu ni kidogo iliyotoka nje ya seli, tena karibu tupu. Hupanda chuma kinapozidi, ndiyo, ila hupanda pia ukiwa na homa, pombe ikizidi, ini likijaa mafuta, au mwili ukiwa na uvimbe wa chini kwa chini usiouma (yaani mwili unajihami ndani kwa ndani, si jipu wala donge). Ndiyo maana hata kwa watu wazima wasioumwa, wenye feritini ya juu mara nyingi ndio wenye kiuno kipana, trigliseridi (mafuta ya kwenye damu) nyingi, na insulini, homoni inayoshusha sukari, inayofanya kazi kwa shida. Mambo haya huvutana pande zote mbili: mafuta ya ini husukuma feritini juu, na chuma kingi kwenye ini nacho huizuia insulini kufanya kazi yake. Kipimo kimoja hakikwambii kipi kilitangulia.

Kwa hiyo rudia kipimo, ukiwa mzima kabisa, wiki kadhaa baada ya mafua yoyote, bila pombe wala mazoezi mazito siku chache kabla. Nenda asubuhi, umekaa muda wa saa 8 hadi 12 bila kula. Omba pamoja nayo CRP, inayoonyesha uvimbe, na kiwango cha transferini (protini inayosafirisha chuma kwenye damu) iliyobeba chuma. Hiki cha mwisho ndicho ninachokiamini zaidi: kikipita asilimia 45 na kikirudia hivyo, daktari atafute ugonjwa wa kurithi wa chuma kuzidi mwilini. Kikiwa cha kawaida, geukia ini na sukari.

Upande wa sukari, pima glukosi na insulini kwenye damu ileile. Zidisha namba hizo mbili, kisha gawa kwa 22.5; jibu likiwa kubwa, ni dalili kwamba insulini inafanya kazi kwa shida. Glukosi 5.4 na insulini 12 (mikrouniti kwa mililita) hutoa 2.9 hivi, na hiyo mimi nisingeipuuza. Watu huharibu hesabu kwenye vizio: 22.5 ni ya glukosi ya milimoli kwa lita. Maabara ikikupa miligramu kwa desilita, gawa kwa 405, la sivyo 97, ambayo ndiyo ile 5.4, itakupa jibu la 52 hivi na utakosa usingizi bure.

Usikimbilie kutoa damu ili kushusha feritini. Mililita 450 huondoka na miligramu 200 hadi 250 za chuma, kwa hiyo namba itashuka kweli, na mafuta ya ini yatabaki palepale. Na mkeo, mwenye feritini ya 50 na CRP iliyopanda, asijione salama: uvimbe ukiwepo, hata chini ya 70 huhesabiwa kuwa huenda chuma kimepungua.

Majibu yakitoka niandikie, na vizio vyake usiviache.

Wako,
Salum