Nauli ya Kiti cha Mama

Kayole, Nairobi

Mpendwa Baba Neema,

Natumai hamjambo nyote. Sisi tu wazima, ila Mama bado anahangaika na mguu ule. Nimekuwa kimya tangu arusi ya kina Mwalimu, na leo nabisha hodi nikiwa na haja, jambo ambalo najua utanitania kwalo mwaka mzima.

Jumanne nilimpeleka Mama mjini kwa mazoezi ya viungo. Matatu tatu zilitupita kituoni, makanga wakikitazama kiti cha magurudumu kisha wakigeuza nyuso kana kwamba tumesimama pale kuomba sadaka. Ya nne ilitubeba, lakini tukatozwa nauli tatu: yangu, ya Mama na ya kiti, ambacho nilikuwa nimekikunja na kukisukuma nyuma kabisa, mahali ambapo hapaketi mtu. Kwa shilingi 100 kila nauli, kwenda na kurudi ni 600, na kwa kuwa huenda kila wiki, mwezi hula 2,400, ilhali fedha zake za Inua Jamii, ule msaada wa serikali, ni 2,000 kwa mwezi. Mwenyewe husema kwamba serikali inakitunza kiti, yeye anakisindikiza tu.

Hata hivyo, lililoniuma si fedha. Dereva aliondoa gari kabla sijamkalisha, Mama akaangukia mapajani mwa kijana mmoja, kisha akawa yeye ndiye wa kuomba radhi.

Ningeweza kukutajia Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010, kinachowapa watu wenye ulemavu haki ya kuufikia usafiri wa umma, au sheria ya 2003 iliyowataka wenye magari ya abiria wayarekebishe. Lakini mabasi yetu huundwa juu ya chesisi za lori, na ngazi zake hazitashuka kwa sababu nimekuandikia barua. Naomba madogo: wewe umo katika kamati ya sacco yenu, chama cha wenye matatu, basi wasihi wenzako waamue kwamba kiti cha mgonjwa hakitozwi nauli, na kwamba gari haling'oki kabla mwenye kiti hajakaa. Hilo la pili halina gharama, ila nusu dakika.

Mkutano wenu ni lini? Mwenyekiti angali yule wa kukatiza watu maneno? Je, nikija na Mama aseme mwenyewe, watamsikiliza? Na ofisi yenu ingali ghorofa ya tatu, kwenye zile ngazi, au mlihamia chini?

Wako,
Baba Jabari